Thomas Mann: mwandishi aliyejitenga na siasa, kisha akawasemesha Wajerumani redioni wakati wa vita (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao kichwani tangu mwaka jana, leo naushusha. Ni mrefu, nitauweka kwa vipande, kwa hiyo mwenye chai aimimine kabisa.

Marehemu babu yangu alikuwa na redio ya mbao inayokula betri kubwa sita. Ikifika saa kumi na mbili jioni aliizungusha nobu kwa ncha za vidole, pole pole, mpaka mluzi ukatike na sauti ya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle itoke. Idhaa ile ilianza mwaka 1963, na babu hakuwahi kuikosa. Kwangu mimi nikiwa mtoto, Ujerumani ilikuwa sauti ya mbali inayokuja kwetu. Ndiyo maana siku niliposoma kwamba kuna miaka ambayo Wajerumani wenyewe walijifungia ndani na kushusha sauti ya redio mpaka iwe mnong'ono, ili wamsikilize mwandishi wao akiwasemesha kutoka Marekani kupitia London, niliacha kila nilichokuwa nafanya nikaanza kumfuatilia mtu huyo.

Anaitwa Thomas Mann. Wengi tukisikia jina lake tunakumbuka riwaya nene na Nobel ya mwaka 1929. Mimi nataka tumwangalie zaidi kama mwandishi wa insha na mhutubu, kwa sababu ni humo alimokosea hadharani, akajisahihisha hadharani, na akalipia kwa nyumba, kwa uraia na kwa wasomaji wa lugha yake.

Alizaliwa tarehe 6 Juni 1875 mjini Lübeck, bandari ya kaskazini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na seneta wa mji. Mama yake, Júlia da Silva-Bruhns, alizaliwa Brazili, mtoto wa Mjerumani mwenye mashamba na mwanamke wa kule kule. Mwaka 1891 baba alifariki, na wasia wake ukaagiza kampuni ivunjwe. Thomas alikuwa na miaka 16. Ukoo uliokuwa na jina mjini kwa vizazi ukafunga milango ya ghala, mama akahamia München, kijana akaacha shule bila kumaliza na kuwekwa kwenye ofisi ya bima ya moto. Huko alikuwa akinakili hesabu huku karatasi za hadithi yake zimejificha chini ya dawati.

Kutokana na ule ukoo uliofunga kampuni yake alipata riwaya yake ya kwanza, *Buddenbrooks*, aliyoianza Italia akiwa na kaka yake Heinrich, naye mwandishi.

Hapa kuna kisa nakipenda. Mwaka 1900 alipomaliza mswada, ulikuwa mmoja tu duniani, umeandikwa kwa mkono pande zote mbili za karatasi. Alipokuwa anaufunga kumpelekea mchapishaji Samuel Fischer huko Berlin, nta ya moto ya kubandikia mihuri ikamdondokea mkononi ikamwunguza vibaya. Akaufikisha posta hivyo hivyo, akaukatia bima ya marki 1,000. Karani wa posta akatabasamu. Fischer akajibu kwamba kitabu ni kirefu mno, kipunguzwe nusu. Wakati huo Mann alikuwa jeshini, amelazwa hospitali ya kambi kwa sababu ya mguu, na jibu aliliandika kitandani kwa penseli: hapunguzi, kwa kuwa urefu wenyewe ni sehemu ya kitabu. Alikuwa na miaka 25 na hana jina lolote. Fischer akakubali. Kikatoka 1901 kwa majuzuu mawili, kikasuasua, mpaka toleo la juzuu moja la 1903 lilipokipandisha.

Nitaendelea baada ya magharibi.

#2 Mchangiaji

Mkuu tiririka, tupo. Hiyo ya mkono kuungua na bado akafika posta nimeipenda sana. Swali: Nobel alipewa kwa kazi ipi? Maana nimesikia ni kwa ile ya mlimani.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Tamko la Nobel linaitaja hasa *Buddenbrooks*, kitabu cha miaka 28 nyuma. Ile ya mlimani ni *Der Zauberberg*, tuseme Mlima wa Uchawi, ya 1924, na wengi, mimi mmojawapo, tunaona ndiyo kubwa zaidi. Chanzo chake ni mwaka 1912. Mke wake Katia alipelekwa Davos, Uswisi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa mapafu. Mann akaenda kumtazama kwa wiki tatu. Akapata mafua, daktari akamgonga gonga kifuani, akamwambia na wewe una doa kwenye pafu, baki miezi sita. Akashuka mlima akaenda zake. Kisha akaandika juu ya kijana aliyekwenda kumwona binamu yake kwa wiki tatu, akabaki miaka saba.

Lakini kati ya kuianza na kuimaliza ilipita vita, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vilipoanza, Mann aliandika insha za kuishangilia. Heinrich alikuwa upande wa pili kabisa. Mwaka 1915 Heinrich aliandika insha juu ya mwandishi Mfaransa, Zola, na ndani yake kulikuwa na sentensi ambayo mdogo wake aliisoma kama kofi la uso. Ndugu hao wakanuniana miaka saba. Mann akaiweka riwaya kando, akakaa miaka mitatu anaandika kitabu cha insha cha mamia ya kurasa, *Mawazo ya Mtu Asiye wa Siasa*, kilichotoka 1918. Ndani anadai kwamba demokrasia si ya Wajerumani, kwamba msanii na mtu wa utamaduni hana haja ya siasa, kwamba nafsi ni jambo moja na bunge ni jambo jingine. Nimekisoma chote kwa tabu. Ni kitabu cha mtu mwenye akili nyingi anayetumia akili yake yote kujizuia kuona.

Sasa sikilizeni. Tarehe 24 Juni 1922, Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, Myahudi, alipigwa risasi na wazalendo wa siasa kali akiwa ndani ya gari lake wazi mjini Berlin. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakiwaunga mkono watu wa namna hiyo walikuwemo wasomaji wa Mann, waliopata maneno yao kwenye kile kitabu. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule, Mann alipanda jukwaani kwenye ukumbi wa Beethovensaal, Berlin, vijana wa chuo wamejaa, akawaambia kwamba anaiunga mkono jamhuri, ile serikali mpya ya kidemokrasia iliyozaliwa Ujerumani baada ya vita. Wakapiga miguu sakafuni kumzomea. Akaendelea mpaka mwisho, akafunga kwa kusema: iishi jamhuri.

Alikuwa na miaka 47. Wakuu, nani kati yetu amewahi kuona mtu mzima, mwenye jina, akisimama mbele ya mashabiki wake walewale na kuwaambia jambo ambalo wamekuja wakitumaini atalipinga?

#4 Mchangiaji

Mwalimu, asante kwa darasa. Naomba nitofautiane kidogo, kwa heshima. Nimesoma kwamba katika ile hotuba alisema hajabadilika, kwamba mawazo yake ni yaleyale. Sasa huko ni kujisahihisha au ni kutafuta njia ya kutokea?

#5 Mleta uzi

Umenipata pazuri, na nakubali. Ni kweli alidai hajakana chochote, na kwangu huo ni udhaifu wake. Hakuwa mtu wa kusema "nilikosea" kwa neno moja. Alikuwa anageuka kama meli kubwa, huwezi kuona siku aliyogeuka, unaona tu kwamba sasa inaelekea kwingine. Lakini tazama vitendo. Mwaka ule ule wa 1922, Heinrich alipougua vibaya sana, walipatana. Septemba 1930 Wanazi walipanda bungeni kutoka viti 12 hadi 107. Oktoba 17 Mann akarudi ukumbi uleule wa Beethovensaal, akatoa hotuba aliyoiita wito kwa akili, akiwaambia watu wa tabaka lake la kati, waliozoea kuwadharau wafanyakazi, kwamba mahali pao sasa ni pamoja na chama cha wafanyakazi, Social Democrats. Watu wa SA, mgambo wa Wanazi, waliingizwa ukumbini kuvuruga. Alipomaliza, rafiki yake Bruno Walter, yule kiongozi wa okestra, akamtoa kwa njia za nyuma alizozijua mwenyewe mpaka kwenye gari.

Mtu anayetafuta njia ya kutokea hafanyi hivyo, akiwa na Nobel mfukoni na nyumba nzuri ukingoni mwa mto Isar.

#6 Mchangiaji

Tuambie alivyotoka nchini. Alifukuzwa au alikimbia?

#7 Mleta uzi

Wala hakujua kwamba anaondoka. Februari 10, 1933, Hitler ana siku kumi na moja madarakani, Mann alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha München juu ya mtunzi wa muziki Richard Wagner. Kesho yake, siku ya kutimiza miaka 28 ya ndoa, yeye na Katia wakapanda treni kwenda kuurudia mhadhara huo Amsterdam, Brussels na Paris, kisha kupumzika Uswisi. Masanduku ya safari ya wiki chache. Mwezi Machi watoto wao wakubwa, Erika na Klaus, wakawapigia simu kutoka München. Wakijua kwamba simu huenda inasikilizwa, wakawaambia hali ya hewa huku ni mbaya, msije sasa. Mzee hakuelewa mara moja. Mji wa München hakuuona tena mpaka vita vilipokwisha.

Nyumba ikachukuliwa. Ndani ya nyumba kulikuwa na madaftari yake ya kumbukumbu za kila siku. Alimwandikia mwanawe Golo ayafungashe kwenye sanduku, asiyasome, ayatume. Dereva wa familia, kumbe anawafanyia kazi Wanazi, akawataarifu, sanduku likashikwa. Mann alikaa wiki nyingi bila usingizi. Sababu tuliijua 1975, miaka 20 baada ya kifo chake, pakiti zilipofunguliwa kama alivyoagiza: humo aliandika waziwazi jinsi alivyovutiwa na wanaume vijana, jambo ambalo maisha yote, akiwa na mke na watoto sita, alilipitisha kwenye hadithi tu. Wanazi wangelitumia kummaliza. Sanduku lilipatikana salama kwa juhudi za wakili. Madaftari mengi ya zamani zaidi aliyachoma mwenyewe 1945.

Na hapa kuna miaka inayoniuma. Kuanzia 1933 mpaka mwanzo wa 1936 alinyamaza. Vitabu vya Heinrich vilichomwa moto mwezi Mei 1933, Klaus akaanzisha jarida la waliokimbia, na baba akataka jina lake lisitumike humo, kwa sababu mchapishaji wake alikuwa bado Berlin na vitabu vyake bado vinauzwa Ujerumani. Hakutaka kuwapoteza wasomaji. Erika alimwandikia barua kali, kwamba akiendelea hivi hataweza kumtazama usoni. Februari 3, 1936, akaandika barua ya wazi kwenye gazeti la Zürich, akajitangaza kuwa upande wa waliokimbia. Desemba akavuliwa uraia, na Chuo Kikuu cha Bonn kikamfutia shahada ya heshima kwa barua fupi ya mkuu wa kitivo. Jibu lake kwa Bonn, la siku ya mwaka mpya 1937, lilichapwa kijitabu na kuingizwa Ujerumani kwa siri. Ukitaka kujua insha inaweza kufanya nini, tafuta hiyo. Ni kurasa chache, na hasira yake yote imekunjwa ndani ya adabu.

#8 Mchangiaji

Hapo kwa Erika nimesimama. Binti kumwandikia baba hivyo, tena baba mwenye Nobel! Na baba akasikia.

#9 Mleta uzi

Akasikia, dada. Ilichukua muda, ila akasikia.

Sasa ile redio. Mwaka 1938 walihamia Marekani, kwanza Princeton, halafu 1941 Pacific Palisades, Kalifonia. Waandishi wa habari walipomkuta New York aliwaambia: nilipo mimi, ndipo ilipo Ujerumani. Wengine wanaiona ni majivuno. Mimi naisikia kama kauli ya mtu aliyenyang'anywa pasipoti.

Oktoba 1940 BBC ilianza kurusha ujumbe wake wa kila mwezi, *Deutsche Hörer!*, yaani Wasikilizaji Wajerumani. Mwanzo maneno yalitumwa London kwa simu ya maandishi, akasoma mtangazaji. Kuanzia Machi 1941 akaomba asikike mwenyewe, na njia iliyopitiwa na sauti yake ni hii: anasoma studio mjini Los Angeles, inanaswa kwenye santuri, santuri inapandishwa ndege hadi New York, inapigwa kwenye laini ya simu hadi London, kule inanaswa kwenye santuri nyingine, na hiyo ndiyo inayochezwa mbele ya kipaza sauti. Kwa mawimbi marefu (long wave), makusudi, ili ishikwe na zile redio za bei nafuu walizokuwa nazo raia wa kawaida. Kusikiliza stesheni za nje kulikuwa kosa la jinai tangu siku vita vilipoanza, na aliyesambaza alichosikia aliweza hata kunyongwa.

Alizungumza zaidi ya mara 50, dakika tano hadi nane. Septemba 1942 aliwaambia kwamba Wayahudi 700,000 wameshauawa, akawauliza: mnajua hilo, na mnalionaje? Kwa hiyo wale waliokuja kusema baadaye kwamba hakuna aliyewaambia, waliambiwa, tena kwa Kijerumani, na mwandishi ambaye vitabu vyake vilikuwa kabatini kwao.

Iliyonitoa machozi ni ya Aprili 1942. Ndege za Uingereza zilikuwa zimeupiga Lübeck kwa mabomu usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi. Nyumba ya babu na bibi yake barabara ya Mengstraße, ile ya kwenye *Buddenbrooks*, ilikuwa katikati ya moto. Anasema haimpendezi kufikiria kanisa la Mtakatifu Maria na nyumba zile zimeharibika. Halafu anasema anaufikiria mji wa Coventry, ule wa Uingereza uliopigwa mabomu na Wajerumani, na hana pingamizi na fundisho kwamba kila kitu lazima kilipiwe. Mzee wa miaka 66 anasema hivyo juu ya mji aliozaliwa. Nilifunga kitabu, nikatoka nje nikakaa barazani.

#10 Mchangiaji

Mkuu, pole, lakini niseme la moyoni. Yeye yuko Kalifonia, jua, bahari, nyumba mpya. Aliyebaki Hamburg anapigwa mabomu huku Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wako mlangoni. Ni rahisi kuwahubiria watu ukiwa mbali. Hata kwetu wapo waliotoka wakawa wanatuambia cha kufanya.

#11 Mleta uzi

Hoja yako ndiyo iliyomlaki baada ya vita. Agosti 1945 mwandishi Walter von Molo alimwomba hadharani arudi kama daktari mwema. Mwingine, Frank Thiess, akasema waliobaki walikuwa na "uhamisho wa ndani", na kwamba waliotoka walikuwa watazamaji kwenye viti vizuri vya ukumbi. Mann akajibu kwa ukali kwamba vitabu vilivyoweza kuchapishwa Ujerumani kati ya 1933 na 1945 vina harufu ya damu na aibu, na vingefaa kusagwa vyote. Hapo alikosea kwa kujumlisha. Kulikuwa na watu wachache waliofanya walichoweza, na maneno hayo yaliwafuta.

Lakini kwenye viti vizuri sikubali. Heinrich alifika Kalifonia akiwa mzee, hakuna anayemsoma, mke wake akajiua 1944, akafa 1950 akiishi kwa msaada wa mdogo wake. Klaus alijiua Cannes, Mei 1949. Na Thomas mwenyewe hakujiweka pembeni ya kosa. Mwaka 1939 alichapisha insha akimwita Hitler ndugu: msanii aliyeshindwa, mtu wa karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Mei 1945, Washington, wenzake wakijitetea kwamba kuna Ujerumani mbili, njema na mbaya, yeye alisema iko moja tu, na kwamba ubaya ni ule wema wenyewe uliopotoka, nao umo ndani yake pia. Mtu wa viti vya watazamaji hajihesabu hivyo.

Kuhusu waliotoka kwetu, nikutajie mmoja tu. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 hadi 1972 kwa kijikaratasi cha *Kenya: Twendapi?*. Akatoka, akaenda Dar es Salaam, baadaye BBC London idhaa ya Kiswahili, kisha akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani hiyohiyo. Mbali alikuwa mbali. Lakini jela alikuwa ameshakaa.

#12 Mchangiaji

Nimekuelewa, mkuu. La Abdilatif limenigusa. Na Marekani alibaki?

#13 Mleta uzi

Hakubaki. Alikuwa raia tangu 1944 na alimpenda sana Rais Roosevelt. Lakini mwaka 1949 alikwenda Ujerumani kwa ajili ya kumbukumbu ya mshairi Goethe, akatoa hotuba Frankfurt upande wa magharibi na Weimar upande wa Warusi, akisema yeye hajui kanda. Enzi ile ya kuwinda wakomunisti, hilo lilitosha. Tayari mwezi Aprili mwaka huo, kabla ya safari hiyo, jarida la *Life* lilikuwa limeweka picha yake kwenye orodha ya waliodaiwa kutumiwa na Moscow. Akaona dalili alizozijua. 1952 akarudi Ulaya, na hakukaa Ujerumani yoyote kati ya zile mbili, alikaa karibu na Zürich. Mwaka 1953 aliwaambia wanafunzi wa Hamburg watafute Ujerumani ya Kiulaya, wasitafute Ulaya ya Kijerumani. Alifariki Zürich tarehe 12 Agosti 1955, miaka 80, akazikwa Kilchberg.

Miaka yote hiyo, popote alipoishi, alikaa mezani saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, ukurasa mmoja au zaidi kidogo, na watoto walijua kwamba muda huo hakuna kelele. Ndivyo zilivyopatikana juzuu nne za Yusufu na ndugu zake, na *Doktor Faustus* ya 1947.

#14 Mchangiaji

Shukrani sana kwa uzi, mwalimu. Nianze na kipi mimi ambaye sina subira ya kurasa mia saba?

#15 Mleta uzi

Anza na *Mario und der Zauberer*, Mario na Mchawi, ya 1930. Unaimaliza kwa jioni moja. Aliiandika kiangazi cha 1929 kwenye kiti cha ufukweni huko Rauschen, kwa sababu mswada wa Yusufu ulikuwa mkubwa mno kubebwa likizoni.

Familia ya Kijerumani iko likizo Italia ya Mussolini, inakwenda kutazama mazingaombwe. Mchawi, Cipolla, ana kibiongo na mjeledi, anawafanya watu wacheze dansi bila kupenda. Kuna bwana mmoja kutoka Roma anaapa kwamba yeye hachezi. Anakaza misuli, anakaza meno, mjeledi unalia, na mwisho miguu inamponyoka. Msimulizi anaeleza kwa nini: bwana yule alikuwa na "sitaki" peke yake. Hakuwa na kitu anachokitaka cha kushikilia.

Mimi nikifika hapo huwa nakumbuka yale mamia ya kurasa ya 1918. Soma, kisha urudi uniambie kama bwana wa Roma angeweza kusimama. Nipo.